Chombo na Nyumba: Makazi ya Wasama Dilaut katika Visiwa vya Sulu

Baina ya kisiwa cha Mindanao na pwani ya kaskazini-mashariki ya Borneo umetandaa mlolongo wa visiwa vidogo viitwavyo Sulu. Kwa vizazi vingi, baadhi ya wasemaji wa Kisama wa huko walizaliwa, wakaoana na wakazeeka ndani ya vyombo vyao. Hao hujiita Sama Dilaut, yaani Wasama wa baharini, ili kujipambanua na Wasama wenzao wa nchi kavu. Katika karne ya 20 walio wengi waliacha kuishi chomboni. Aghalabu hudhaniwa kuwa walisukumwa na umaskini, au kwamba walivutwa na maendeleo. Lakini historia yao yaonyesha kuwa familia iliyopima chombo na nyumba ilikuwa, kwa hakika, ikipima hadhi yake mbele ya watu wa nchi kavu.

Watu hawa si wageni kabisa kwa mwanafunzi wa lugha za upande wetu wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1951 Otto Dahl alionyesha udugu wa Kimalagasi na Kimaanyan cha kusini mwa Borneo; na mwaka 2007 Robert Blust alitoa hoja kwamba lugha za Kisama nazo zimetokana na shina hilohilo la Barito. Ngalawa zetu zenye matengo ni kumbukumbu nyingine ya safari za watu wa jamii hiyo ya lugha.

Chombo cha familia, hasa upande wa Semporna, huitwa lepa. Ndani yake walikaa mume, mke na watoto wasiooa wala kuolewa. Kijana akishaoa, hutafutiwa chombo chake. Jiko lilikuwamo, mikeka ilikuwamo, na nyavu pia. Harry Arlo Nimmo, aliyeishi nao Tawi-Tawi katika miaka ya 1960, alieleza jinsi vyombo vya ndugu vilivyofunga pamoja, vikatawanyika kufuata samaki kwa kadiri ya mwezi na maji, kisha vikakutana tena. Ugomvi ulipozuka, dawa yake ilikuwa rahisi: kung'oa nanga. Huenda hii ndiyo faida ya chombo ambayo mtu wa bara huitambua kwa shida zaidi. Gharama nayo haikuwa ndogo. Mbao huliwa na wadudu wa majini, hivyo chombo kilipaswa kupandishwa pwani mara kwa mara, ubavu wake wa chini ukababuliwa kwa moto wa makuti.

Hata hivyo hapakuwa na familia iliyojitosheleza baharini. Maji ya kunywa, kuni na mihogo vilitoka nchi kavu, vikibadilishwa kwa samaki. Wakati wa Usultani wa Sulu walipiga mbizi kutafuta lulu na majongoo bahari, mali ambayo wakuu wa nchi kavu waliiuza hadi Uchina. Biashara hiyo James Warren aliichambua kwa kina mwaka 1981. Maiti nao walizikwa visiwani. Basi bahari ilikuwa makao, ila si nchi iliyojitenga.

Watausug, waliokuwa watawala, waliwaita Luwaan, neno lenye maana ya kitu kilichotemwa. Kuishi chomboni kulichukuliwa kuwa dalili ya kutokuwa na dini, na asiye na dini hakuhesabiwa sawa na watu. Nimmo aliona kwamba huko Sitangkai kuhamia nyumbani kulikwenda sambamba na kuingia katika Uislamu. Nyumba, kwa hiyo, haikuwa paa tu. Ilikuwa mlango wa msikiti, na kupitia msikiti, wa kuitwa mtu.

Lakini nyumba hiyo ilijengwa wapi? Hapa Kiswahili kina neno linalofaa kuliko mengi. Pwani ni mahali maji yanapokupwa; si bahari, wala si bara. Wasama Dilaut walisimamisha nguzo zao papo hapo, maji yakiingia na kutoka chini ya sakafu, na chombo kikifungwa ngazini. Clifford Sather, aliyeanza utafiti wake Semporna katikati ya miaka ya 1960, alizikuta familia nyingine zimekwisha kujenga na nyingine zingali chomboni katika kijiji kimoja. Waliojenga hawakuacha kuvua. Waliacha kuhama wote pamoja. Badala ya familia ndogo ya chomboni, sasa ndugu kadhaa waliooa walikaa chini ya paa moja, na ugomvi ukahitaji mpatanishi, kwani nguzo haziwezi kung'olewa kila watu wanapokosana.

Mizani hiyo ilivurugwa na mambo ambayo familia haikuyachagua. Vita vilivyoanza kusini mwa Ufilipino mwaka 1972, na kuteketea kwa mji wa Jolo mwaka 1974, viliwafukuza wengi hadi Sabah. Bahari waliyoivuka babu zao bila kuulizwa ilikuwa imekwisha kugawanywa na mpaka wa dola. Asiyekuwa na hati ya uraia alijenga nyumba juu ya maji ambayo kisheria hayakuwa yake, na watoto wake aghalabu hawakupokelewa katika shule za serikali.

Tangu mwaka 1994 Semporna huadhimisha lepa kwa tamasha la kila mwaka, vyombo vikipambwa kwa matanga ya rangi nyingi mbele ya watalii. Juni 2024, katika wilaya hiyohiyo, maofisa walibomoa nyumba za Wasama Dilaut wasio na uraia ndani na kandokando ya Hifadhi ya Bahari ya Tun Sakaran. Nyingine zilichomwa moto. Taarifa za wakati huo zilisema kuwa zaidi ya watu 500 walibaki bila makao.