Kanisa la Leipzig na Silaha: Ushuhuda wa Amani katika Ujerumani ya Mashariki, 1962–1990

Jina la Leipzig ni la siku nyingi katika sharika za Kilimanjaro, Meru na Arusha. Wazee walilitaja kila walipozungumzia wamisionari waliofika Machame mwaka 1893, na Misioni ya Leipzig ingali mshirika wa dayosisi za eneo hilo hadi leo. Lakini si wengi wanaokumbuka kwamba katika mji huo huo, miaka tisini na sita baadaye, serikali yenye askari na silaha tele ilishindwa na watu waliotoka kanisani wakiwa na mishumaa mikononi. Yafaa habari hiyo isimuliwe katika kitabu cha miaka mia moja ya usharika, kwa sababu Injili iliyoletwa mlimani kutoka Leipzig haikuletwa katika siku za amani.

Wamisionari walikuja wakati serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilipokuwa ikiwatiisha wenyeji kwa mtutu wa bunduki. Mnamo Oktoba 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, Meru, walikokwenda kuanzisha kituo. Kisasi cha jeshi chini ya Kapteni Kurt Johannes kilikuwa kikali kupita kiasi: Wameru na Waarusha wengi waliuawa, nyumba zikachomwa moto na mifugo ikaswagwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine. Kwa mwenyeji wa siku zile haikuwa rahisi kumtofautisha Mzungu mwenye Biblia na Mzungu mwenye bunduki. Haki inadai isemwe pia kwamba wenye Biblia hawakujitenga vya kutosha na wenye bunduki.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, Leipzig ikajikuta upande wa mashariki wa Ujerumani iliyogawanyika, chini ya serikali ya kikomunisti iliyolitazama Kanisa kama mabaki ya zama zilizopita. Mnamo Agosti 1961 ukuta wa Berlin ukajengwa, na Januari 1962 ikapitishwa sheria ya utumishi wa jeshi wa lazima, ambapo kila kijana wa kiume alipaswa kutumikia miezi kumi na minane. Sheria hiyo haikuacha mlango wowote kwa mtu ambaye dhamiri yake ilimkataza kushika silaha. Baadhi ya vijana wa Kikristo walikataa, na wengine wao wakafungwa gerezani. Makanisa yakaendelea kuzungumza na serikali, na tarehe 7 Septemba 1964 ikatolewa amri iliyoanzisha kundi la askari wajenzi, jambo lisilo la kawaida katika nchi za kambi ya Kisovieti.

Askari mjenzi alivaa sare, akalala kambini na kutii amri, ila hakupewa bunduki. Mabegani alibeba alama ya sepetu. Kwa nje ilionekana kama neema. Lakini sepetu ile ilichimba misingi ya majengo ya jeshi na kutengeneza viwanja vya ndege za kivita, hata wengi wakajiuliza kama kweli walikuwa wamekwepa vita au wamebadilishiwa chombo tu. Waliokataa hata sepetu waliendelea kwenda gerezani. Na aliyetumikia kama mjenzi aliporudi nyumbani, mara nyingi alikuta milango ya chuo kikuu imefungwa mbele yake. Mwaka 1965 makanisa yalitoa waraka uliosema kwamba wanaokataa silaha, wale wa gerezani na wale wa sepetu, wanatoa ushuhuda ulio wazi zaidi juu ya agizo la Bwana la amani. Kwa Kanisa lililokuwa limebariki silaha za wafalme kwa karne nyingi, neno hilo lilikuwa zito. Hadi mwaka 1990 walioingia katika kundi la askari wajenzi walikadiriwa kuwa 15,000 hivi. Ni wachache mno kulinganisha na jeshi zima, nao walitawanywa katika kambi mbalimbali. Hata hivyo waliporudi walijuana, wakaandikiana barua na kukutana katika sharika zao. Katika mikutano hiyo ndimo vikundi vingi vya amani vilimopata watu wake.

Mwaka 1978 serikali iliingiza somo la ulinzi wa kijeshi katika madarasa ya tisa na ya kumi. Waziri wa elimu alikuwa Margot Honecker, mke wa Erich Honecker aliyekuwa mkuu wa chama na wa nchi. Makanisa yalipinga, wala hayakusikilizwa. Ndipo Harald Bretschneider, mchungaji wa vijana wa Kanisa la Saxony, ambaye mwenyewe alikuwa amekuwa askari mjenzi, alipobuni alama kwa ajili ya siku kumi za maombi ya amani za Novemba 1980. Ilikuwa picha ya mtu akifua upanga uwe jembe, na pembeni neno la nabii Mika. Kuchapisha kwenye karatasi kulihitaji kibali cha serikali, nacho kisingetolewa. Kuchapisha kwenye kitambaa kulihesabiwa kuwa kazi ya nguo tu, isiyohitaji kibali. Basi alama za kuwekwa katika Biblia zikachapishwa kwenye kitambaa kwa makumi ya maelfu, na mwaka uliofuata zikatoka nyingine za kushonwa kwenye nguo. Vijana wakazivaa shuleni, kazini na barabarani.

Serikali ilifadhaika, na fadhaa yake ilikuwa na sura ya kuchekesha, kwani picha ile ilitokana na sanamu ya Yevgeny Vuchetich ambayo Umoja wa Kisovieti wenyewe ulikuwa umeitoa zawadi kwa Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1959. Hata hivyo, kuanzia mwishoni mwa 1981 polisi na walimu waliwalazimisha vijana kuibandua. Waliokaidi walifukuzwa shule au kunyimwa nafasi za masomo. Baadhi walikata duara kwenye mkono wa koti mahali alama ilipokuwa, wakatembea na tundu hilo, na kila aliyeliona alijua kilichokuwapo. Vuli ya mwaka 1983, katika mwaka wa kuadhimisha miaka 500 tangu kuzaliwa kwa Martin Luther, mhunzi mmoja mjini Wittenberg aliutia upanga motoni usiku mbele ya umati na kuufua uwe jembe la plau. Mchungaji Friedrich Schorlemmer alikuwa miongoni mwa walioandaa tendo hilo. Mtu wa mlimani, ambako wahunzi walifua mikuki na majembe katika kiwanda kimoja, hahitaji kufafanuliwa maana yake.

Huko Leipzig, Kanisa la Mtakatifu Nikolai lilianza mwaka 1982 kufanya maombi ya amani kila Jumatatu saa 11 jioni. Mchungaji wake, Christian Führer, aliliacha kanisa wazi kwa wote, waamini na wasioamini. Kwa miaka mingi waliohudhuria walikuwa wachache, pengine wasiojaza viti vya mbele. Kisha wakaja watu waliotaka ruhusa ya kuihama nchi, na vikundi vya haki za binadamu na mazingira, na maombi yakawa na sauti kali ya siasa. Viongozi wa Kanisa waliogopa. Mwaka 1988 vikundi viliondolewa katika kuongoza maombi hayo, na mchungaji Christoph Wonneberger, aliyekuwa mratibu wake, akawekwa kando. Wanachama wa vikundi waliona wameachwa na mama yao mwenyewe. Mwaka 1989 walirudishiwa sehemu ya nafasi yao, lakini jeraha hilo halikupona haraka.

Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba 1989 ilifika ikiwa na kitisho. Siku mbili kabla, nchi ilipoadhimisha miaka 40, waandamanaji walikuwa wamepigwa na kukamatwa. Gazeti la mji lilikuwa limechapisha barua ya kamanda wa mgambo wa viwandani, akitangaza utayari wa kutumia silaha. Takriban askari, polisi na mgambo 8,000 waliwekwa tayari, na hospitali zikaandaa damu ya akiba. Wanachama wa chama tawala wapatao 600 walitumwa kujaza viti vya Nikolai mapema. Führer aliwakaribisha, nao wakaketi wakasikia Neno la Mungu kama watu wengine. Makanisa mengine matatu yalifunguliwa pia. Kote walihimizwa wasiinue mkono dhidi ya mtu. Führer alipenda kueleza kwamba mshumaa unahitaji mikono miwili, mmoja wa kuushika na mwingine wa kuukinga usizimike, na kwamba mikono hiyo haibaki na nafasi ya jiwe.

Vipaza sauti vya mji vilisoma wito wa watu sita wa kuomba utulivu na mazungumzo, mmoja wao akiwa Kurt Masur, kiongozi wa okestra ya Gewandhaus, na watatu wakiwa viongozi wa chama. Wa sita hao walikuwa pia na mwanateolojia ambaye baadaye ilijulikana kuwa alikuwa mpasha habari wa polisi wa siri. Historia ya Kanisa siku zile haikosi watu wa namna hiyo, na wino wake si safi kila mahali. Watu wapatao 70,000 wakatembea kuizunguka barabara kuu ya mji wakiimba na kuita kwamba pasiwe na vurugu. Viongozi wa mkoa, wakiuona wingi huo na kukosa amri ya wazi kutoka Berlin, waliwaagiza polisi wajilinde tu. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Tarehe 18 Oktoba Honecker aliondoka madarakani, na tarehe 9 Novemba ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

Mnamo Januari 1990 Erich na Margot Honecker hawakuwa na mahali pa kuishi, kwa kuwa nyumba yao ya serikali ilikuwa imechukuliwa na watu wengi waliwachukia. Mchungaji Uwe Holmer wa Lobetal, karibu na Berlin, aliwapokea katika nyumba yake. Holmer alikuwa na watoto kumi, na wengi wao walikuwa wamenyimwa nafasi ya elimu ya juu ya sekondari katika miaka ambayo Margot Honecker aliongoza wizara ya elimu. Watu walikuja kupiga kelele mbele ya lango, na barua za vitisho zikamfikia mchungaji. Aliwaweka wageni wake kwa wiki kumi hivi, hadi mwanzoni mwa Aprili, walipohamishiwa hospitali ya kijeshi ya Kisovieti.