Nyuzi 37 Zilitoka Wapi? Historia Fupi ya Kupima Homa



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, siku moja hapa Minago mwanafunzi wetu alisinzia darasani. Tulidhani amekesha, tukamkemea. Alipokuja mbele kusoma tuligusa mkono wake, ukawa wa moto. Mama yake alisema asubuhi aliamka mzima. Kituo cha afya walipompima, wakakuta malaria. Basi tukajiuliza: joto la kawaida la mwanadamu ni lipi, na lilijulikanaje?

Zama za mkono

Ibn Sina (980-1037) alianza kitabu cha nne cha Al-Qanun kwa kueleza homa na aina zake. Hakuwa na kipimajoto. Matabibu wa zama zake walitegemea mkono, mapigo ya damu na mkojo. Kabla yake, imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Asma bint Abi Bakr (r.a.) alipoletewa mwanamke mwenye homa alimmiminia maji kifuani, kwani Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha waipoze kwa maji. Mkono ulijua kuwa joto lipo, lakini haukuweza kusema ni kiasi gani.

Namba inapatikana

Aliyetuachia nyuzi 37 ni Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig, Ujerumani. Alikusanya vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, akachapisha kitabu chake mwaka 1868. Kipimajoto cha wakati ule kilikuwa kirefu, na mgonjwa alikibana kwapani kwa dakika 15 hadi 20. Wunderlich alifundisha jambo kubwa: homa si ugonjwa wenyewe, ni dalili ya ugonjwa. Huku kwetu, Burton na Speke walifika ziwa Tanganyika mwaka 1858 wakiwa hoi kwa homa, wasijue kuwa mbu ana lawama. Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897.

Namba inasahihishwa

Mwaka 1992 watafiti wa Maryland, Marekani, walipima watu wazima 148 wenye afya, wakapata wastani wa 36.8. Utafiti wa Stanford wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa joto la Wamarekani limeshuka kidogo tangu karne ya 19. Pia joto hubadilika kila siku: alfajiri huwa chini, alasiri hupanda. Mtoto mwenye 37.4 baada ya kucheza ufukweni huenda ni mzima. Mwache apumzike, kisha mpime tena. Kuanzia 38 ni homa.

Lakini wazazi, tusidanganyike na namba moja. Homa ya malaria huja na kuondoka, ndiyo maana mwanafunzi wetu aliamka mzima. Huku ziwani, mtoto aliyechemka jana apelekwe kupimwa damu, hata kama leo amepoa. Mchanga wa chini ya miezi 3 akifika 38, apelekwe saa ile ile. Maji yanampa nafuu, hayachukui nafasi ya kipimo wala dawa.

Nasi waalimu tumejifunza: mtoto akisinzia, tumguse kwanza kabla ya kumkemea.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.