Stempu ya Kanada na Mwanzo wa Vipimo vya Hali ya Hewa

Tarehe 13 Machi, 1968, Posta ya Kanada ilitoa stempu ya senti 5 kuiadhimisha elimu ya hali ya hewa. Picha yake ni ramani ya hali ya hewa pamoja na vyombo vya kupimia. Shabaha yake ilikuwa kukumbusha kutimia kwa miaka 200 tangu vipimo vya hewa vilipoanza kuchukuliwa mfululizo, mahali pamoja, katika nchi ile.

Waliochukua vipimo hivyo ni Waingereza wawili, William Wales na Joseph Dymond, katika ngome ya Prince of Wales, penye mlango wa mto Churchill, kando ya Ghuba ya Hudson. Walakini siyo hali ya hewa iliyowapeleka huko. Walitumwa na Royal Society ya London kuitazama Zuhura ikipita mbele ya jua tarehe 3 Juni, 1769, ili umbali wa jua na dunia upate kukadiriwa. Kwa kuwa ghuba ile hufunikwa na barafu sehemu kubwa ya mwaka, na merikebu haziwezi kuingia ila katika miezi ya joto, iliwabidi wafike Agosti 1768 na kuyakabili majira yote ya baridi. Katika kungoja huko ndipo walipoandika, siku baada ya siku, habari za joto, za uzito wa hewa na za upepo. Kazi ya Zuhura ilikuwa ya saa chache tu. Kazi ya ziada ndiyo iliyopata stempu.

Hata hivyo, stempu peke yake haimtoshi mwanahistoria. Tangu mwaka wa 1742 Jean-François Gaultier, tabibu wa mfalme wa Ufaransa mjini Quebec, alikwisha kuandika habari za hewa na kuzipeleka Paris kwa Duhamel du Monceau. Tena, Quebec ilikuwa ndani ya nchi iliyoitwa Kanada zamani zile, ambapo ngome ya Churchill ilikuwa katika milki ya kampuni ya Hudson's Bay, nje ya jina hilo.

Basi sifa ya Wales na Dymond haipungui, ila neno "kwanza" lataka kupimwa. Stempu hueleza vema jambo ambalo taifa lilipenda kulikumbuka. Lililotukia lenyewe halina budi kutafutwa katika madaftari ya wale walioandika kila siku.