Utasa Kabla ya Maabara



Yakitajwa maendeleo ya elimu ya uzazi, fikra hukimbilia Uingereza, alikozaliwa Louise Brown tarehe 25 Julai 1978, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama. Miaka kumi kamili tangu waraka wa Humanae Vitae. Sisi tungependa kuanzia Bukoba. Enzi za ukoloni uzazi wa Wahaya ulikuwa mdogo hata ukawatia watawala hofu. Chanzo kikubwa kilikuwa kisonono, ambacho huziba mirija ya uzazi, ya mume na ya mke pia, na kaswende iuayo watoto tumboni. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikafika penisilini, na uzazi ukapanda. (Sindano tu, wala si maabara!)

Kanisa, katika hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987, lilikataa mimba ya maabara. Hati hiyohiyo iliwahimiza wanasayansi waendelee kutafuta kinga na tiba ya utasa; sehemu hii sisi mapadre twaihubiri kwa nadra mno. Nasi hapa Msimbazi bado twamwona mke akizunguka peke yake kwenye vibanda vya mitishamba Kariakoo, ilhali mumewe hajapimwa hata mara moja.