Mnunuzi amechukua mazao na hajalipa: hatua za kudai fedha zako

Kila msimu wa mavuno tunapokea maswali ya aina moja kutoka kwa wakulima wa Tanzania. Mnunuzi alikuja, akapima mahindi, akalipa kidogo na kuahidi kumalizia baada ya wiki 2. Sasa miezi imepita, simu haipokelewi, na fedha hizo ndizo zilizotegemewa kununua mbolea na kulipia mahitaji ya shule.

Wengi hukaa kimya kwa kuogopa kumpoteza mnunuzi pekee anayefika kijijini. Lakini ukimya huligeuza deni kuwa ubishi: leo mnajua wote kiasi kilichobaki, mwakani kila mmoja atakuwa na hesabu yake. Kwa hiyo, kabla ya kudai kwa nguvu, hakikisha deni limeandikwa na mdaiwa amelikubali.

Je, mkataba wa mdomo unatambulika?

Ndiyo. Kwa mauzo ya kawaida ya mazao, makubaliano ya mdomo ni mkataba halali. Shida yake ni ushahidi, kwa sababu anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Andika mambo haya: tarehe, aina ya zao, kilo zilizopimwa, bei kwa kilo, kiasi kilicholipwa, kilichobaki na siku ya kumalizia. Ongeza namba ya gari, namba ya simu ya mnunuzi na majina ya watu waliokuwepo wakati wa kupima. Kama hukuandika siku ile, andika leo wakati mashahidi bado wanakumbuka.

Anza na meseji, si ugomvi

Piga simu kwanza kwa heshima, kisha tuma meseji. Tuchukue mfano wa magunia 20 ya kilo 100:

"Habari za leo. Nakukumbusha malipo ya mahindi kilo 2,000 uliyochukua kwangu tarehe 12 Juni kwa Sh 700 kwa kilo, jumla Sh 1,400,000. Ulilipa Sh 500,000, zimebaki Sh 900,000. Naomba uthibitishe kiasi hiki na siku utakayolipa."

Akijibu "Sawa, nipe hadi mwisho wa mwezi," amekubali deni. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokelewa mahakamani, hivyo usifute meseji hizo wala za malipo ya fedha kwa simu. Zinakili pia kwenye daftari, maana simu huibiwa na huharibika.

Msikilize, lakini usiongeze mzigo

Wapo wanunuzi wanaochelewa kwa sababu wao nao wanadai kiwandani. Huyo mnaweza kukubaliana alipe kwa awamu: kiasi gani, tarehe gani, na sahihi za wote wawili mbele ya shahidi. Wapo pia wanaofanya fedha yako kuwa mtaji wao. Dalili yake ni ahadi mpya kila wiki bila hata shilingi moja. Kwa wote wawili, usitoe mzigo mwingine kwa mkopo kabla deni la zamani halijaisha.

Barua ya madai

Ahadi ikivunjwa, andika barua fupi yenye hesabu ileile na umpe muda, kwa mfano siku 14, ukieleza kuwa baada ya hapo utakwenda mahakamani. Baki na nakala, na mwombe anayeipokea asaini. Mtendaji wa kijiji au wa kata anaweza kuwakutanisha mkazungumza. Mkikubaliana, yaandikwe.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huelekeza wasio na uwezo bila malipo. Uliza ofisi ya halmashauri walipo katika wilaya yako.

Mahakama ya Mwanzo

Deni la mkataba lisilozidi Sh milioni 30 linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kujieleza mwenyewe. Unaweza kufungua mahali biashara ilipofanyika au mahali mdaiwa anapoishi, kwa hiyo mnunuzi kutoka mjini si lazima umfuate kwake. Peleka daftari, meseji, nakala ya barua na mashahidi. Kuna ada ya kufungua shauri, dai risiti.

Ukishinda na asilipe, rudi mahakamani kuomba hukumu itekelezwe. Mahakama inaweza kuagiza mali yake ikamatwe na kuuzwa kupitia dalali wa mahakama. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Usingoje mno. Kwa kawaida madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu siku fedha zilipotakiwa kulipwa.

Mambo ya kuepuka

Usikamate pikipiki wala mzigo wa mdaiwa kwa mikono yako. Unaweza kugeuka mshtakiwa. Usimtishe kwa meseji, kwa kuwa nazo ni ushahidi. Polisi si wakusanyaji wa madeni: kushindwa kulipa ni suala la madai. Lakini kama tangu mwanzo mtu alitumia jina la uongo au hati bandia ili achukue mazao, huo ni udanganyifu, na hapo ripoti polisi.

Kwa mazao yanayouzwa kwa stakabadhi ghalani, kama korosho na ufuta, anza na chama chako cha msingi, kisha afisa ushirika wa wilaya.

Msimu ujao

Mnunuzi mpya alipe kabla gari halijaondoka. Akiomba muda, mpe sehemu ndogo ya mzigo kwanza, na muandike kabla ya kupakia. Mnunuzi mwenye nia ya kulipa hakasirishwi na daftari, kwa sababu linamlinda yeye pia.