Kwenye Kona ya Reli, Nani Humpisha Nani?

Ukitaka kuelewa reli iliufanyia nini Bonde la Ufa, jenga kivuko cha barabara juu ya kona ya reli. Kidogo tu, cha katoni. Mafundi wengi wa modeli hutumia kipimo cha 1:87, na kwa kipimo hicho reli yetu ya zamani, yenye upana wa mita 1, inabaki kama milimita 11.5.

Reli ikiwa imenyooka, kazi ni rahisi: ubao mmoja katikati, mwingine kila upande, umemaliza. Kwenye kona, ubao ulionyooka unagusa reli hapa na kuacha pengo pale. Kwa hivyo laza karatasi juu ya reli, sugua penseli mpaka mistari yote miwili iliyopinda itokee, kisha kata ukifuata alama hiyo. Upande wa ndani wa kila reli acha mfereji mwembamba wa kupitisha ukingo wa gurudumu.

Bado hujamaliza. Behewa refu halipindi. Kwenye kona, katikati yake hutokeza upande wa ndani na ncha zake upande wa nje, kwa hivyo kibao ulichokiweka karibu sana kitaangushwa. Tena, kwenye reli halisi, ile ya nje huinuliwa kidogo ili treni isielemee nje. Barabara nayo inalala upande. Lori la waru kutoka Mau Narok likivuka mahali kama hapo, linainama na mzigo wake.

Sasa cheki ulichojenga. Kila kitu kimekatwa kufuata reli. Barabara ndiyo imepisha.

Kona zenyewe zina sababu. Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu Desemba 1901. Kutoka Nakuru ilipanda Mau kupitia pande za Njoro, Elburgon na Molo. Treni haikwei mlima kama bodaboda. Lazima izunguke polepole. Njia nyingine, iliyofika Eldoret 1924, hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari.

Lakini si ati huku kulikuwa mahame. Wamaasai walikuwa wakilisha na kuhamisha ng'ombe katika bonde hili kabla ya taruma la kwanza kulazwa. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwafanya viongozi wao wakubali mkataba: waondoke kwenye ardhi iliyo karibu na reli, wakae Laikipia na sehemu nyingine kusini. Waliahidiwa njia ya kuunganisha sehemu hizo mbili. Yaani, kivuko. Na mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo.

Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, wa kuwatoa Laikipia pia. Baadhi yao walipitishwa juu ya Mau wakati wa mvua na baridi. Watu wakafa, mifugo ikafa. Parsaloi ole Gilisho na wenzake walienda kortini. Mwaka 1913 mahakama ikajibu kwamba mikataba ile ilikuwa kama ya nchi mbili huru, hivyo haina uwezo wa kuiamua. Watu walioamrishwa kuhama waliambiwa wao ni nchi ya kigeni. Imagine.

Reli ya SGR ilipofunguliwa 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, barabara kubwa zilipitishwa juu au chini yake, na Tsavo hata ndovu walijengewa pa kupita. Kumbe reli inaweza kupisha, ikiwa aliyeichora anamhesabu anayevuka.

Kwa hivyo ukijenga modeli yako, badilisha mpangilio. Gundi njia ya ng'ombe kwanza, halafu reli. Uone ni nini utalazimika kukata.