Baa ya Hoteli ya Reli na Mlango wa Kwihara



Mwaka jana nilirudi nyumbani kumzika baba mdogo. Tulipoanua matanga, binamu yangu alinipeleka kwenye baa ya hoteli kongwe ya mjini, ambayo leo ni Orion lakini wazee bado wanaiita Hoteli ya Reli. Mimi nilikunywa bia, yeye soda kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani.

Jengo lile ni la Wajerumani. Wenyeji husimulia kwamba lilijengwa kumsubiri Kaisari wao, naye hakutokea. Mimi ni mhasibu, na hadithi hiyo sina risiti yake. Yenye kumbukumbu ni haya: reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji, na Mjerumani akaondoka.

Binamu akauliza, "Kaka, kabla ya reli mizigo ilisafirije?"

Nikamjibu, "Mabegani mwa babu zetu."

Asubuhi tukaenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Mlango wake wa mbao umechongwa nakshi za kupendeza, mfano wa milango ya Unguja. Stanley alifika Unyanyembe mwaka 1871, akaingizwa katika vita vya Waarabu na Mtemi Mirambo. Mwaka uliofuata alirudi na Livingstone kutoka Ujiji, kisha yeye akaenda pwani. Mzee Livingstone alibaki hapo hadi Agosti 1872 akiwasubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia. Alikuwa na vyakula, dawa na vitabu, lakini bila wapagazi hakuweza kusogea.

Hapo ndipo niliposimama kimya. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kutoka huku hadi Bagamoyo, akipita Ugogo kwenye shida ya maji. Kwa Mnyamwezi, safari ya pwani ilikuwa sifa ya uanaume. Mji wetu ulisimama juu ya mabega yao. Jina la Livingstone kila mgeni analijua. Majina yao nani anayajua?

Katika ukoo wetu aliyeyajua ni baba mdogo. Alikuwa akiyataja kwa mpangilio: nani alikwenda pwani, nani alirudi na nguo, nani alizikwa njiani. Kwa miaka mingi nilimwahidi kwamba likizo ijayo nitakuja na daftari. Likizo zilipita. Safari hii nilikuja na daftari la rambirambi.

Katika vitabu vya hesabu, jengo hupunguzwa thamani kila mwaka hadi libaki sifuri, lakini ukilikarabati linaendelea kutumika. Mzee akiondoka na habari zake, hakuna ukarabati.

Ndugu zangu, mchango wenu wa mwaka huu utoeni kama kawaida, fomu imo humu ndani. Juu ya hapo naomba kitu kisichogharimu shilingi nyingi. Mkirudi nyumbani Desemba, kaeni na wazee jioni moja, mwandike majina, vijiji na njia walizopita, kisha mleteeni katibu nakala. Msisubiri msiba kama nilivyosubiri mimi.